Folda Inazunguka, Kahawa Iko Mlangoni

Jumatatu

Wanachama wa chama chetu cha ushirika wamefika kabla yangu. Magunia yalikuwa yamepangwa kuanzia mlango wa ghala hadi kwenye mparachichi, na kila mtu amekalia gunia lake asije akapoteza zamu. Nimewasha kompyuta, nikaandika nywila, nikaifungua orodha ya draivu ili niingie kwenye folda ya wanachama. Kaduara kakaanza kuzunguka. Dirisha likapauka, na juu yake pakatokea maandishi kwamba programu haijibu. Nikaliacha. Baada ya muda likafunguka lenyewe, folda zote zimo.

Hali hii imeanza Ijumaa. Nikishaingia ndani ya folda kazi inakwenda vizuri: natafuta kijiji, natafuta jina, naandika kilo, nahifadhi. Nikirudi kwenye orodha ya draivu, inaganda. Nikibofya kitufe cha kulia cha kipanya ili ninakili faili, inaganda. Hata ndani ya Excel, nikitaka kuhifadhi kwa jina jingine, dirisha la kuchagulia folda linaganda vilevile.

Wa kwanza leo alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye magunia mawili. Karani wa mizani alichota kahawa kiganjani, akaitikisa karibu na sikio. Maganda yaliyokauka sawasawa hutoa mlio mkavu, yenye maji hukaa kimya. Ya mama ilikuwa kavu. Karani akasoma uzito kwa sauti, nami nikaurudia, halafu sote watatu tukabaki tunatazama kioo.

"Mwanangu, jina langu halimo?"

"Limo, mama. Kompyuta ndiyo haijafungua."

"Haya waitu, tusubiri."

Akakaa tena kwenye gunia la jirani. Nilipomkatia stakabadhi yake kitabuni, foleni nzima ilisogea hatua moja ikasimama.

Ng'ambo ya barabara kuna mnunuzi amesimama na pikipiki. Ana mizani ya kuning'iniza na pesa taslimu mfukoni. Sisi tunapokea, tunaandika, kahawa inakwenda mnadani kupitia chama kikuu, ndipo mkulima analipwa. Yeye analipa papo hapo, kwa bei ya chini. Kagera butura tunaijua wote: mtu anauza kahawa ikiwa ingali maua mtini kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, au kuna mgonjwa. Vyama vya ushirika vina kazi nyingi, lakini kwangu mimi hiyo ndiyo ya kwanza, kumkinga mtu asiuze jasho lake kwa dhiki ya siku moja. Mkulima akisimama juani anatazama kompyuta inayozunguka, huku ng'ambo kuna mtu mwenye noti mkononi, kila dakika inampa sababu ya kuvuka. Leo mchana mzee mmoja amevuka. Nilimwona dirishani, gunia begani. Nilikuwa na daftari la kijiji chake mbele yangu na halijafunguka.

Jumanne

Mwenyekiti amepita mapema.

"Katibu, nasikia intaneti inatusumbua. Nunua bando kubwa, nitasaini."

Nimempa kiti, nikamweleza kwamba folda ya wanachama haiko kwenye intaneti. Iko kwenye kompyuta ya mhasibu, chumba cha pili, na inanifikia kwa waya unaopita darini. Nikamkumbusha Mei 2024. Tarehe 12 mwezi ule nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikayumba Tanzania nzima na nchi jirani. Watu walikaa na simu mikononi hazifungui chochote. Sisi hapa Kanoni, Karagwe, daftari la wanachama liliendelea kufunguka, maana waya wa darini hauendi baharini. Bando lingekuwa kubwa au dogo, folda hii isingejua.

Mwenyekiti ni msikivu. Akafikiri kidogo, akauliza: "Kama si intaneti, wiki iliyopita kulibadilika nini?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa tangu Ijumaa. Vilivyobadilika ni wino wa printa, kiti cha mhasibu na rauta. Rauta ya zamani iliungua adapta yake, na Alhamisi jioni tukawekewa mpya, ya laini ya simu. Lakini mpya hiyo ina kasi, kila mtu anaisifu, kwa hiyo hakuna aliyeishuku. Mimi nimeiandika hapa pamoja na vingine, kwa tarehe.

Mhasibu kwa upande wake anasema ni vumbi. Tukafungua ubavu wa kompyuta tukapuliza. Vumbi jekundu la Juni lilikuwa limejaa kwenye feni, na karani wa mizani alipiga chafya mpaka akatoka nje. Tulipoirudishia iliganda vilevile. Lakini feni haipigi kelele tena.

Mchana chai yangu imemwagika kwenye kitabu cha stakabadhi. Nakala za chini zimenusurika. Nimezianika dirishani.

Jumatano

Fundi amekuja kutoka Kayanga kwa bodaboda, begi mgongoni. Ni kijana mpole, anavua viatu mlangoni hata ukimwambia asivue.

"Mama, hii tuipige Windows upya. Mpaka saa nane nitakuwa nimemaliza."

Nimekataa, na nimemweleza kwa nini. Msimu uko wazi. Kila kilo inayopita hapa ni fedha ya mtu, na programu ya stakabadhi ikikosea kurudi, nitakuwa nimewapoteza watu kwenye karatasi. Tena huenda kompyuta ingepona, lakini tusingejua ilikuwa inaumwa nini. Ikirudi mwakani, tutaipiga tena?

Hakukasirika. Alikaa, akafungua dirisha linaloonyesha kazi za kompyuta, akaniambia nifanye kile kinachoiganda. Nikabofya orodha ya draivu. Ikaganda. Yeye akanyoosha kidole: prosesa imetulia kabisa, diski imetulia, kumbukumbu zaidi ya nusu iko wazi.

Nimeangalia namba zile kwa muda. Kompyuta iliyochoka huonekana, prosesa hupanda, diski husaga, feni hulia. Hii haikuwa imechoka. Haikuwa ikifanya kitu chochote. Ilikuwa inasubiri.

Fundi naye ameliona. Ameinama chini ya meza, akachomoa waya wa mtandao nyuma ya kompyuta, akasema: "Bofya sasa."

Orodha ikafunguka hapo hapo. Nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya, menyu ikatoka hapo hapo. Dirisha la Excel, hapo hapo. Akarudisha waya, ikaganda. Bila shaka folda ya wanachama haifunguki waya ukiwa nje, kwa hiyo huwezi kufanya kazi namna hiyo, lakini jambo lilikwisha kujulikana: kuna kitu kwenye mtandao ambacho kompyuta inakiita na hakijibu. Waya ukitoka, kompyuta inajua hakuna mtandao, haihangaiki kuita. Waya ukiwepo, inaita na kungoja.

Kwa anayesoma haya siku moja akiwa na shida ileile: anza na waya. Haugharimu kitu na haufuti kitu. Kama unatumia Wi-Fi, izime kwa muda. Dirisha likipona, usiguse Windows, usinunue kumbukumbu mpya, usimlipe mtu kwa antivairasi.

Tulitaka kuendelea, lakini wanachama wa Ndama na wa hapa Kanoni walikuwa wanangoja, na fundi alikuwa na kazi nyingine Omurushaka. Atarudi Ijumaa.

Alhamisi

Umeme umekatika saa mbili asubuhi, ukarudi jioni watu wameshaondoka. Tumeandika kwa mkono, karatasi ya kaboni katikati. Mizani ina betri. Kwa kweli foleni leo ilikwenda haraka kuliko siku zote za juma hili, na hilo limeniuma. Kompyuta ililetwa ipunguze muda wa mkulima, si iuongeze.

Kagera kwa miaka mingi umeme wetu umetoka Uganda, kwa laini ya Masaka inayoingilia Mutukula hadi Kyaka. Sasa kuna na mtambo wa Kikagati–Murongo, pale mto Kagera unapogawa nchi mbili upande wa Kyerwa, megawati 14 za kugawana. Ninayataja haya kwa sababu kompyuta ya kwanza ya chama, ile iliyotunza daftari kabla ya kompyuta ya mhasibu, iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Mpaka leo iko stoo, imefunikwa gunia. Nimeikumbuka wakati nikichomoa plagi zote kabla ya kwenda nyumbani.

Ijumaa

Fundi amerudi. Tumekaa wakati wa chakula, ofisi imefungwa, maharage na ndizi kwenye bakuli kando ya kibodi.

Amefungua lile dirisha jeusi la amri akaandika net use. Ni maneno mawili tu. Kompyuta ikatoa orodha ya draivu zote za mtandao inazozijua. Ilikuwa na mistari miwili. Mstari wa Z ulikuwa mzima: folda ya wanachama kwenye kompyuta ya mhasibu, inaitwa kwa jina la kompyuta hiyo. Mstari wa pili ulikuwa Y, na mbele yake pameandikwa kwamba haipatikani. Anwani yake: 192.168.1.10.

"Mama, hii Y ni ya nani?"

Ni ya ile iliyoko stoo.

Ilipoungua, daftari lilihamishiwa kwa mhasibu na kupewa herufi Z. Herufi Y ikabaki kwenye orodha na alama yake ndogo nyekundu, na hakuna aliyeiondoa kwa sababu haikumsumbua mtu. Mhasibu ameitwa kuangalia, akasema: "Lakini hiyo imekaa hapo zaidi ya mwaka na kompyuta ilikuwa nzima. Kwa nini iumwe sasa?"

Hapo ndipo rauta inapoingia, na nitaandika taratibu ili nisijichanganye.

Lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kupeana faili inaitwa SMB. Ilibuniwa na Barry Feigenbaum wa IBM mwaka 1983, na nia ilikuwa faili iliyo kwenye kompyuta nyingine ishikwe kana kwamba iko hapa hapa. Ndiyo sababu draivu ya mtandao inapewa herufi, sawa na C iliyo ndani ya kompyuta yenyewe. A na B zilikuwa za disketi. Kwa mtumiaji ni jambo jema sana. Karani hahitaji kujua daftari liko chumba gani. Lakini Windows nayo, inapochora orodha ya draivu, inaipitia kila herufi kuuliza: upo? Una nafasi kiasi gani? Ni mwalimu anayeita mahudhurio, akifika kwa mtoto aliyehama shule anasimama na kungoja aitikie, na darasa zima linangoja naye. Dirisha la kuhifadhi la Excel linapitia orodha hiyohiyo. Menyu ya kitufe cha kulia nayo, kwa sababu ndani yake mna sehemu ya kutuma faili kwenda draivu nyingine, na lazima izijue. Hivyo draivu moja iliyokufa inakukuta kila mahali, hata ukiwa hujaigusa.

Sasa muda wa kungoja. Rauta ya zamani ilikuwa inagawa anwani zinazoanza na 192.168.1. Kompyuta ya stoo ilikuwa na anwani ya namna hiyo, na yangu pia. Yangu ilipoitafuta, iliuliza mumo humo ofisini: nani ana 192.168.1.10? Hakuna aliyejibu, na kwa kuwa wote wako kwenye mtandao mmoja, Windows ilijua upesi kwamba hayupo. Zilipotea sekunde chache, na hakuna aliyezihesabu.

Rauta mpya inagawa anwani zinazoanza na 192.168.8. Nyingi za laini ya simu ziko hivyo zinapotoka kiwandani. Tangu Alhamisi ile, kompyuta yangu ina anwani ya 8, na 192.168.1.10 imekuwa kitu kilicho nje ya mtandao wake. Kwa kitu kilicho nje haiulizi tena ofisini. Inaipa rauta ombi, rauta inalisukuma nje kwenye laini ya simu. Na huko nje anwani za 192.168 hazina mwenyewe. Zimetengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani peke yake, kwa mwongozo uliotolewa Februari 1996 wenye namba RFC 1918. Ombi linapotelea njiani na hakuna anayerudisha neno kwamba halikufika. Windows inangoja, inatuma tena, inangoja zaidi, inatuma tena, kila mara muda ukirefuka. Fundi alisema ikifika sekunde 21 hivi ndipo hukata tamaa. Tumepima kwa saa ya simu. Ilikuwa 21 na kitu.

Mhasibu amekaa kwenye kiti chake kipya akasema polepole: "Kwa hiyo kila mwanachama tuliyemwandika, tulikuwa tunaipigia stoo."

Ndivyo. Sekunde 21 kwa mtu mmoja si kitu. Lakini mimi hutoka kwenye orodha na kurudi kwa kila kijiji, na tena wakati wa kunakili, na tena wakati wa kuhifadhi. Foleni ikifika kwenye mparachichi, sekunde hizo zinakuwa saa nzima za watu waliotembea na gunia begani toka alfajiri.

Hatukuigusa Y leo. Mhasibu ana neno juu yake, na ni neno la haki. Nitaliandika kesho. Maharage yamepoa, tumeyala hivyohivyo.

Jumamosi

Neno la mhasibu ni kwamba ndani ya kompyuta ya stoo kuna daftari za zamani za hisa za wanachama, na baadhi hazikuhamishwa. Kuna wazee wameweka hisa zao miaka hiyo na karatasi zao zimeliwa na mchwa. Y ikifutwa, je, tunawafuta na wao?

Hapana. Herufi ni njia tu, haina faili ndani yake. Kuiondoa hakugusi diski iliyoko stoo. Hili nimelirudia kwa mwenyekiti, kwa mhasibu na kwa karani, mpaka kila mmoja ameweza kunieleza mwenyewe. Watu wengi huziacha draivu zilizokufa kwa hofu hiyo.

Fundi alikuwa na wazo la kutafuta kompyuta nyingine ya zamani, tuiweke diski ile, tuipe anwani, kisha tuwashe SMB ya toleo la kwanza ili Windows yetu iweze kuisoma. Hapa nimesema hapana kwa sauti. Toleo hilo la kwanza ndilo lililokuwa na tundu kililopitia kirusi WannaCry tarehe 12 Mei 2017. Kilifunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, na huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi mwaka huo, na mwishoni mwa mwaka wakaacha kuliwasha toleo hilo kwenye Windows 10 mpya. Ofisi yenye daftari la fedha za wakulima haina sababu ya kulifungua tena eti kwa sababu ya mchana mmoja.

Fundi hakubisha. Akatoa begini kasha dogo la diski lenye waya wa USB. Tumeifungua kompyuta ya stoo kwa bisibisi, tukatoa diski, tukaiweka ndani ya kasha, tukaichomeka kwenye kompyuta ya mhasibu. Ikalia kidogo, ikasomeka. Daftari za hisa zimo, mwaka kwa mwaka. Tumenakili zote kwenye folda ya Z, na nakala nyingine kwenye flashi ambayo mwenyekiti ameibeba kwake.

Ndipo nikaandika amri mwenyewe: net use Y: /delete. Jibu likaja kwamba imefutwa. Nikafungua orodha ya draivu. Ikafunguka kabla sijatoa kidole kwenye kipanya. Nikabofya kitufe cha kulia, nikafungua dirisha la Excel, nikarudi, nikaingia tena. Karani wa mizani aliyekuwa mlangoni akauliza kama nimenunua kompyuta nyingine.

Kwa mhasibu mambo hayakwisha upesi hivyo. Y tuliiondoa na kwake, lakini dirisha lake la faili liliendelea kuganda kila linapofunguka. Imetuchukua hadi jioni kujua. Windows huweka mwanzoni orodha ya faili na folda ulizotumia karibuni, na ndani yake kulikuwa na folda za Y ambazo mhasibu alizibandika hapo enzi hizo. Herufi imekwenda, vijia vimebaki, na dirisha likawa linavifuata kimoja kimoja. Tulivibandua, kisha tukaingia kwenye mipangilio ya folda, sehemu ya faragha, tukafuta historia yote. Kikiwepo kijia cha namna hiyo kwenye deski, nacho kiondolewe. Sasa kompyuta zote mbili zinafunguka sawa.

Jambo moja tumeliongeza. Fundi ameingia kwenye rauta mpya akabadilisha anwani yake ya ndani ikawa 192.168.1.1, ile ya zamani, kwa sababu printa nayo ilikuwa imepewa anwani ya 1 kwa mkono na tangu rauta ibadilike haijatoa karatasi. Nilikuwa nimesahau printa. Tulidhani ni wino. Ilipopata anwani yake ilitoa stakabadhi zote zilizokwama toka Ijumaa ya wiki iliyopita, karatasi ikaisha.

Orodha ya anwani nimeiandika kwa kalamu nene na kuibandika ukutani: rauta, kompyuta ya mhasibu, yangu, printa. Chini nimeandika tarehe ya leo.

Jumapili

Baada ya ibada nimekwenda kwa yule mzee aliyevuka barabara Jumatatu. Shikamoo, marahaba, nikakaribishwa kwenye mkeka. Nimemweleza ilikuwaje, bila kumficha kitu. Alinisikiliza, akaniambia alihitaji fedha ya dawa ya mkewe siku ileile na angevuka hata kompyuta ingekuwa nzima, ila asingevuka na gunia zima. Anayo mawili mengine anayaanika. Nimeangalia kahawa yake kwenye turubai: bado siku chache. Nimemwambia pia kwamba daftari za hisa zimepatikana na jina lake nimeliona. Alitaka kujua mwaka. Nimemwahidi nitaleta karatasi.

Jumatatu

Foleni imefika kwenye mparachichi na imekwisha kabla ya adhuhuri.

Mchana amenipigia katibu mwenzangu wa Nkwenda. Wilaya ya Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, lakini chama kikuu chetu, KDCU, ni kimoja, na shida zetu husafiri. Kusikia kwamba Kanoni tumepona, akasema na kwake folda zinazunguka, naye tayari alishaandika net use na kukuta draivu moja tu, nzima. Nikamwambia achomoe waya. Hatumii waya, anatumia Wi-Fi. Akaizima, akabofya, orodha ikafunguka upesi. Lakini alivyonieleza, hata Wi-Fi ikiwa hai orodha kwake haigandi. Kinachoganda ni folda moja peke yake.

Nikamuuliza ndani yake mna nini. Picha. Picha za wanachama na za mashamba yao, zilizopigwa kwa simu wakati wa usajili, zote kwenye folda moja pamoja na daftari la Excel.

Hiyo ni shida nyingine kabisa. Ukifungua folda yenye picha, Windows husoma kila picha ili ichore kipicha chake kidogo. Diski ikiwa ndani ya kompyuta huoni tofauti. Ikiwa iko chumba kingine, kwa Wi-Fi inayopita kwenye ukuta wa matofali, kila picha kubwa ya simu lazima ivutwe hewani kabla jina la faili halijatulia. Kuna mahali kwenye sifa za folda panapoiambia Windows ichukulie folda kuwa ya picha au ya vitu vya kawaida. Nimemwelekeza kwa simu aiweke ya vitu vya kawaida, na mwonekano uwe wa orodha badala ya vipicha. Imepungua, amesema, lakini bado.

Nimemshauri asinunue kitu. Daftari alitoe humo alipe folda yake lenyewe, picha zibaki peke yake, na kama ana waya wa kufika chumba cha pili, autumie. Waya anao, umefungwa kwenye kabati, hana wa kuupitisha darini. Fundi wetu anakwenda Nkwenda Jumatano. Mwenzangu atahamisha daftari leo usiku, nami nitampigia kesho saa moja na nusu, kabla hajafungua mizani.